Ua la kuzimu la New Zealand: mbona mmea unaonyonya miti unawekewa kizimba?

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Mtaalamu shikamoo. Nimeona picha ya mmea wa New Zealand umefungiwa kwenye kizimba cha waya katikati ya msitu, wanasema unaitwa dactylanthus, hauna majani na unaishi kwa kunyonya mizizi ya miti. Sasa mbona unalindwa hivyo badala ya kung'olewa? Uko hatarini kiasi gani kweli? Halafu kuna mtu anauza mtandaoni kitu anakiita waridi la mti, anasema kinatokana na huo huo mmea, je nikinunua nina kosa?"

Marahaba ndugu yangu. Umeuliza matatu kwa mpigo na yote yanaenda pamoja, kwa hiyo nivumilie maana jibu litakuwa refu, huu mmea naupenda sana na nikianza kuuzungumzia sijui kufupisha.

Nianze na hilo neno kunyonya, maana ndio linawaponza watu. Tukisikia mmea unanyonya mwingine akili inakwenda moja kwa moja kwenye kiduha, lile gugu linalomaliza mahindi na mtama, na ni kweli kiduha ni adui, kinatoa mbegu nyingi mno na kinaua shamba zima. Dactylanthus sio wa namna hiyo kabisa. Mbegu yake ikishika mzizi mmoja wa mti inakaa hapo hapo, inakua polepole, inachukua maji na chakula chake kidogo kidogo miaka na miaka, na mti wenyewe unaendelea na maisha yake juu kama kawaida. Tena ukifikiria vizuri haina faida kwake mti ukifa, kwa sababu mti ukifa na yeye kwisha habari yake, hana mizizi yake mwenyewe, hana jani hata moja, hana ile rangi ya kijani ya kutengenezea chakula kwa jua. Kila kitu anapata kwa mwenyeji. Kwa hiyo hakuna msitu uliowahi kufa kwa sababu ya dactylanthus, ila dactylanthus kufa kwa sababu ya msitu kuharibika hilo lipo tele.

Jina kamili ni Dactylanthus taylorii. Neno dactylanthus limetoka kwenye Kigiriki, maana yake ua la vidole, na hiyo taylorii ni kwa heshima ya mmisionari Richard Taylor wa Whanganui aliyeuona mwaka 1845, halafu Joseph Hooker, yule mtaalamu mkubwa wa mimea wa Uingereza, akauandika rasmi kisayansi mwaka 1859. Lakini Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, walikuwa wanaujua zamani sana kabla ya hao, wanauita pua o te reinga, yaani ua la kuzimu, ua la huko roho za wafu zinakokwenda. Na ukiuona unaelewa kwa nini. Unatembea msituni chini kuna majani makavu tu, unapiga magoti, unayafunua taratibu kwa kidole, na hapo ndio unakutana na kitu kama fumba la vidole vyembamba vimesimama pamoja ndani ya magamba, rangi ya kahawia inayoelekea waridi waridi hivi, vimetoka ardhini bila shina la maana, bila jani, kama kuna mtu amezikwa kule chini ananyoosha mkono. Hayo ndio maua yake. Yanatoka mwishoni mwa kiangazi cha kule, kuanzia Februari na kuendelea hadi vuli, na mwezi mwingine wowote unaweza kumkanyaga usijue.

Chini ya hayo maua kuna kiazi, kigumu kina mabaka na vinundu, hicho ndicho mmea wenyewe hasa. Pale kiazi kinapokutana na mzizi wa mti, mzizi unabadilika umbo, unatanuka na kujikunja mikunjo mikunjo kama ua lililochanua, yaani mbao inachanua! Hilo ndilo waridi la mti unaloliona linauzwa. Sikiliza vizuri hapa kwa sababu ndio jibu la swali lako la tatu linakoanzia: ile mbao nzuri sio sehemu ya dactylanthus, ni mzizi wa mti mwenyeji, na ili uione inabidi mmea wote uliokaa juu yake uondolewe. Watu walikuwa wanachimba, wanakata mzizi, wanachemsha mpaka nyama ya dactylanthus inatoka yote, wanabaki na mbao, wanapaka vanishi, wanaweka ukutani sebuleni. Kila waridi moja ni mmea mmoja umeuawa. Sio kama kuchuma ua mti ukabaki, hapana, ni kama kuchinja mnyama upate pembe.

Sasa hali yake. New Zealand wana mfumo wao wa kupanga mimea na wanyama kulingana na hatari ya kutoweka, na kundi la walio hatarini lina ngazi ndani yake, ya juu kabisa ni mahututi, inafuata iliyo hatarini sana, halafu dhaifu kitaifa. Kwenye tathmini ya mimea ya 2017 dactylanthus uliwekwa kwenye hiyo ya dhaifu kitaifa. Mtu akisikia hivyo anashusha pumzi, ah kumbe sio mahututi. Mimi nakwambia usishushe pumzi haraka. Kwanza eneo unalopatikana leo ni kipande kidogo tu cha eneo lililokuwa lake kabla binadamu hawajafika visiwa vile. Umebaki mafungu mafungu kwenye Kisiwa cha Kaskazini, misitu ya katikati kama Pureora, upande wa East Cape, Coromandel, na kisiwa kidogo cha Hauturu ambacho kwa Kiingereza wanaita Little Barrier. Kisiwa cha Kusini ulikuwepo, na jinsi tulivyojua kwamba ulikuwepo ni habari ya ajabu ntakuja kuisema.

Pili, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika hapa, kuhesabu mmea wa namna hii kunadanganya. Kiazi cha dactylanthus kinaishi miaka mingi sana. Kwa hiyo unaweza kwenda msituni mwaka huu ukahesabu viazi hamsini, ukarudi baada ya miaka kumi ukakuta karibu hao hao hamsini, ukaandika ripoti kwamba idadi haijashuka, kumbe ni wazee wale wale, hakuna hata mtoto mmoja aliyezaliwa kwa muda wote huo. Ni kijiji cha wazee watupu. Kwa macho kijiji kipo, moshi unafuka, lakini kimeshakwisha. Na jambo linalozidi kuharibu ni kwamba dactylanthus una jinsia mbili tofauti, huyu dume na huyu jike, sio ua moja lenye vyote, na sehemu nyingi madume ndio wengi kuliko majike. Kwa hiyo katika wale hamsini wanaoweza kuzaa ni wachache, na ili wazae lazima kuwe na mtu wa kubeba chavua kutoka kwa dume kupeleka kwa jike, gizani, chini kabisa kwenye majani makavu.

Huyo mbebaji ni popo. Ndio, popo, lakini popo wa peke yake, anaitwa popo mkia mfupi, Wamaori wanamwita pekapeka. New Zealand kabla ya watu kufika haikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha zaidi ya popo, kwa hiyo huyu popo akajifunza kazi ya kutembea chini. Anakunja mabawa yake anayabana vizuri pembeni, halafu anakimbia kwa miguu minne kwenye sakafu ya msitu kama panya anatafuta wadudu, na akikutana na ua la dactylanthus anaingiza uso wote ndani analamba asali yake, akitoka paji la uso na pua vimejaa chavua. Miaka ya 1990 mtafiti Chris Ecroyd wa Rotorua aliweka kamera za video usiku kwenye maua, ndipo ikathibitika kwa macho. Wenzake wakapima ile asali wakakuta ina harufu inayofanana na jasho la mnyama, ndani kuna kitu kinaitwa skwaleni ambacho kipo pia kwenye mafuta ya ngozi za wanyama na watu. Maua mengine yananukia vizuri kuvuta nyuki, hili limejipaka harufu ya ngozi kumvuta popo. Kwa mamilioni ya miaka mpango huo ulikuwa unafanya kazi bila shida.

Tatizo ni kwamba harufu haina mlango wa kumchagua nani aingie. Mwaka 1837 walowezi walianza kuleta posamu, mnyama wa manyoya mwenye ukubwa wa paka hivi, kutoka Australia kwa ajili ya biashara ya manyoya, wakaachiwa msituni mara nyingi, wakazaana mpaka makadirio yanayotajwa sana yakafika milioni sabini nchi nzima. Posamu anapanda miti lakini anashuka pia, na ananusa. Usiku mmoja anafika kwenye kiazi chenye maua anatafuna fumba moja baada ya jingine hadi magamba, asubuhi unakuta vijiti vimekatika tu. Hamuui mmea, na hapo ndio ubaya wenyewe, kiazi kinabaki hai, mwakani kinatoa maua tena, yanaliwa tena, miaka ishirini, thelathini, bila mbegu. Unaona sasa kijiji cha wazee kinavyotengenezwa? Nguruwe mwitu nao wanafukua viazi, na panya wanakula maua pia.

Kuhusu panya kuna jambo inabidi niwe mkweli nalo, kwa sababu watu wanapenda hadithi yenye mbaya na mzuri tu. Wale panya wa kuletwa wakati mwingine wanapita kwenye maua wanalamba bila kuharibu sana na wanahamisha chavua, kwa hiyo sehemu ambazo popo hayupo tena unaweza kukuta mbegu zimepatikana na sababu ni panya. Lakini panya huyo huyo kesho anakula ua zima, na keshokutwa anakula vitu vingine vyote vya msitu ule. Siwezi kumwita mwokozi.

Popo mwenyewe je? Naye ni mgonjwa anayetegemewa na mgonjwa. Alikuwa na ndugu yake mkubwa zaidi, jamii hiyo hiyo ya Mystacina, aliyebaki visiwa vya kusini kabisa, panya walipoingia kule miaka ya sitini hakudumu, mara ya mwisho kuonekana ni 1967. Huyu mdogo bado yupo lakini kwa makundi yaliyotawanyika, na kwa vile anashuka chini na kulala mamia kwa mamia kwenye pango la mti mmoja, adui akigundua ule mti ni msiba. Mwaka 2010 kwenye msitu wa Rangataua chini ya mlima Ruapehu paka mmoja, narudia mmoja, aliua popo zaidi ya mia ndani ya wiki moja hivi, akakamatwa ndio vifo vikakoma. Nikikumbuka habari ile moyo unaniuma hadi leo. Sasa piga hesabu, paka hakugusa dactylanthus hata mmoja wiki ile, lakini waliokufa ndio aina ya popo wanaobeba chavua yake.

Nilikuahidi habari ya Kisiwa cha Kusini. Kuna mapango kaskazini magharibi mwa kisiwa hicho yanaitwa Honeycomb Hill, ndani yake kumehifadhiwa mavi makavu ya kakapo, yule kasuku mkubwa asiyeruka, yametulia humo kwa mamia ya miaka. Watafiti waliyachunguza na mwaka 2012 wakachapisha kwamba ndani kuna chavua ya dactylanthus. Maana yake kakapo alikuwa anakula haya maua au anakunywa asali yake, na huenda naye alikuwa mbebaji wa chavua. Leo kakapo wamebaki mia mbili na kitu tu, wengi wao wanaishi kwenye visiwa maalum mbali na dactylanthus, wachache tu ndio wamerudishwa Hauturu ambako dactylanthus yupo. Tulikuwa tunamjua popo peke yake kumbe kulikuwa na mwingine na tukamsahau, na tumekuja kukumbushwa na mavi. Kwangu mimi hiyo ni moja ya kazi nzuri sana za sayansi ya mimea nilizosoma.

Haya, kizimba. Idara ya Uhifadhi ya kule na watu wa kujitolea wanafunika viazi kwa vizimba vya waya ili posamu na nguruwe wasifike. Kinasaidia, hilo sina ubishi nalo, ua lililo ndani linafika mwisho wake badala ya kuliwa. Ila kizimba lazima kiachie nafasi popo aingie, ukiziba sana umemfungia mwizi na mchumba wote nje. Halafu kinataka mtu wa kukitembelea, mti ukianguka kinapondwa, ua likitokea nje ya waya linaliwa. Na kizimba kinalinda mmea unaoujua tu, wakati dactylanthus wengi wamejificha chini ya majani hawajawahi kuonwa na mtu. Ndio maana wahifadhi wenyewe wanasema dawa hasa ni kupunguza posamu na panya kwenye msitu mzima, kwa mitego na kwa sumu ile ya 1080 inayomwagwa kwa helikopta, ambayo kule watu wanabishana nayo vikali, wawindaji na wengine wanaipinga kwa sababu inaua pia kulungu na mbwa akila mzoga. Mimi upande wangu nimeshauchagua: nikiangalia posamu wanachofanya kwenye ua moja usiku mmoja, sioni njia nyingine ya kufikia milima mikubwa isiyo na barabara. Pale Hauturu panya walimalizwa kabisa mwaka 2004, paka walishamalizwa kabla, popo yupo, dactylanthus yupo, sehemu kama hiyo ndio inanipa moyo. Na serikali yao mwaka 2016 ilitangaza lengo la kumaliza panya, posamu na wanyama wa jamii ya kicheche nchi nzima ifikapo 2050, likifika hata nusu yake huu mmea utapumua.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho watu hawakifikirii. Dactylanthus hapendi lazima msitu mzee wenye miti mikubwa, mara nyingi unamkuta kwenye miti midogo ya msitu unaojirudisha, pembezoni, miti ya aina kama thelathini hivi tofauti, ile inayoota haraka na isiyoishi sana. Kwa hiyo ukizungushia uzio sehemu moja ukakaa ukisubiri, msitu utakomaa, miti ile itakufa kwa uzee wake na mgeni wake atakufa nayo. Anahitaji daima kuwe na msitu mchanga wa kuhamia, na kuhamia kwake ni kwa mbegu tu. Bila mbegu hakuna kuhama.

Ndio maana wanafanya pia kazi ya mkono, wanachukua chavua kwa brashi wanampelekea jike, wanakusanya mbegu, wanazipanda kwenye mizizi ya miti inayofaa sehemu zenye ulinzi. Inawezekana na imeshafanyika, ila unapanda halafu unasubiri miaka kadhaa bila kuona chochote juu ya ardhi, huwezi kufukua uangalie maana ukifukua umeharibu.

Kwa hiyo swali lako la pili, uko hatarini kiasi gani, mimi jibu langu ni hili: hautatoweka kesho, viazi vitakuwepo hata kazi ikisimama leo. Lakini kazi ikisimama, wale wazee watazeeka bila watoto, na siku ambayo takwimu zitaanza kuporomoka itakuwa tayari tumechelewa kwa miaka mingi. Daraja la dhaifu limeshikiliwa na mikono ya watu.

Na la tatu, lile waridi. Kuchimba mmea huu kwenye ardhi ya hifadhi ya New Zealand bila kibali ni kosa la sheria, ila ardhi ya mtu binafsi sheria yao haibani hivyo, hapo inabaki hiari ya mwenye shamba. Vile vinavyouzwa vingi ni vya zamani, vimetoka kwenye nyumba za mababu, na aliyenavyo kwa urithi sina ugomvi naye. Tatizo ni kwamba kwa picha ya mtandaoni huwezi kujua hiki kimekatwa 1950 au mwaka jana, vanishi ni ile ile, na bei nzuri unayolipa ndiyo inamtuma mtu mwingine aende msituni na jembe. Wanaojua mimea ilipo wanaficha hata jina la bonde kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mimi ningekwambia acha, usinunue, na huyo muuzaji muulize kakipata wapi na lini, asipokuwa na jibu la kueleweka toa taarifa kwa hao wenye mtandao waondoe tangazo. Kama unataka kuona lilivyo, tafuta picha za makumbusho, ila ukishaliona rudi kwenye picha ya ua likiwa hai lenye popo amezamisha uso humo ndani, halafu uniambie lipi zuri zaidi.